Wanawake wa Mbulu na Hanang na Mlango wa Chuo Kikuu

Msafiri atokaye Babati akashika njia ya Singida hufika Dareda, na hapo njia hugawanyika: moja hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa makona mengi hadi Dongobesh na Mbulu, na nyingine huendelea chini hadi Endasak na Katesh, mguuni pa mlima Hanang uliosimama peke yake, kilele chake kikipita futi 11,000. Nchi hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja hata mwaka 1969 Hanang ilipotengwa na Mbulu, na ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, ni ndogo kwa eneo lakini ni kubwa sana kwa ilimu. Kwani hapa, katika mwendo wa siku chache kwa miguu, hukutana lugha za nasaba nne mbalimbali: Wairaqw wasemao lugha ya Kikushi. Wadatooga, ambao Wabarabaig ni kundi lao kubwa, wasemao lugha ya Kiniloti. Waihanzu na Wanyiramba walio Wabantu. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao ya vidoko haijapatiwa ndugu wa hakika popote duniani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameifuata nchi hii tangu zamani. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alipita mwaka 1892 akiandika aliyoyaona. Katika miaka ya 1950 Mwamarekani George Klima alikaa na Wabarabaig, na James Woodburn wa Uingereza akakaa na Wahadzabe. Wakafuata Robert Thornton, Maarten Mous wa Uholanzi, Katherine Snyder, Astrid Blystad wa Norway na wengine wengi, na kila aliyeondoka aliacha nyuma wenyeji waliomfundisha lugha, wakamkaribisha nyumbani, wakamfunulia maana ya mambo, naye huko alikorejea akapata shahada, kiti cha ualimu na jina. Simlaumu hata mmoja wao, maana kazi zao ni amana, na mengi tuyajuayo leo yangalipotea lau si kalamu zao. Walakini kila niyasomapo maandiko hayo swali moja hunirudia: ilikuwaje wanawake wa Mbulu na Hanang, ambao bila ya vinywa vyao habari za uzazi, za maziwa, za ndoa na za misiba zisingaliandikika, wakawa walimu wa walimu wa vyuo vikuu, ilhali binti zao na wajukuu zao wakaingia katika vyuo hivyo kufundisha kwa uchache mno?

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Yaeda na kandokando ya ziwa Eyasi. Bibi wa Kihadzabe, aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, huondoka kambini na mti uliochongwa ncha na kukazwa kwa moto, akachuchumaa kwenye ardhi ngumu iliyojaa mawe, akachimba huku akiyang'oa mawe na kuuchota udongo kwa mkono, hata aupate mzizi uliojificha chini. Kisha huuoka motoni na kuwagawia wajukuu. Kazi hiyo aliifanya mama yake, na mama wa mama yake, wala hapana aliyeiona kuwa ni ajabu. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, mwanamke wa Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, pamoja na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa kambini wakipima muda wa kazi, uzito wa mizizi na uzito wa watoto, wakatambua kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama yake amepata mwingine hunawiri kwa kadiri ya jitihada ya bibi yake. Kutokana na vipimo hivyo ikazaliwa nadharia inayojulikana duniani kote kuwa nadharia ya bibi, iliyotolewa kwa ukamilifu wake mwaka 1998, isemayo kwamba huenda binadamu ameruzukiwa umri mrefu baada ya kukoma uzazi kwa sababu bibi waliolisha wajukuu waliacha wazao wengi zaidi. Leo nadharia hiyo husomeshwa kwa wanafunzi wa elimu ya viumbe katika kila bara. Aliyeifundisha mara ya kwanza, kwa vitendo, alikuwa amechuchumaa katika wilaya ya Mbulu na mti mkononi.

Wako wasemao kwamba uchache wa wanawake katika vyuo ni matokeo ya mila. Kwamba mwanamke wa pande hizi, kwa malezi yake, hakuzoea kusimama barazani, kutoa hoja na kukata shauri. Maneno hayo huyasikia mtu hata kwa wasomi, na kwa kuwa yanawadhulumu wafu na walio hai, sharti tuyapime kwa ushahidi, nao ushahidi uko Hanang.

Miongoni mwa Wabarabaig, ambao jirani zao huwaita Wamang'ati kwa jina ambalo wao wenyewe hawalipendi, palikuwapo, na mahali pengine lingalipo, baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga. Klima aliandika habari zake mwaka 1964 katika jarida la *Africa*, na wasomaji wa Ulaya wakastaajabu. Mwanamume akivunja haki ya wanawake, mathalan akimpiga mkewe aliyetoka kujifungua, shauri haliendi kwanza kwa wazee wa kiume. Wanawake wa jirani huitana, wakakusanyika mahali pa wazi, wakaketi. Wanaume hawaketi pamoja nao. Mashtaka hutolewa, mashahidi husikilizwa, waliowahi kuhukumu mashauri ya namna hiyo hukumbusha hukumu zilizopita, na mwisho hukumu hutoka: mwenye hatia atoe dume la ng'ombe. Akikaidi, huapizwa na wanawake wote kwa pamoja, na apizo hilo mwanamume mwenye akili timamu huliogopa kuliko mkuki, kwa kuwa linagusa mifugo yake na kizazi chake. Mume wa mshtaki hawezi kulizuia baraza hilo, wala kaka yake.

Tafakari, msomaji, ni nini hasa kinachofanyika pale. Pana kukusanya habari, kupima ushahidi, kulinganisha kisa cha leo na cha jana, kubishana kwa taratibu na kutoa uamuzi unaomfunga hata asiyekuwapo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanachuoni. Mwanamke aliyeketi pale akiwa amevaa hanang'weend, lile vazi la ngozi la mwanamke aliyeolewa, lililokatwa vipande vyembamba vinavyoning'inia na kupambwa kwa shanga, vazi ambalo Blystad amelieleza kwa kirefu katika tasnifu yake ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Bergen kuwa ni kitu kitukufu chenye kubeba heshima ya uzazi, hakuhitaji kufundishwa ujasiri wa kusema mbele ya watu. Lililokosekana lilikuwa njia ya kumtoa binti yake pale barazani na kumfikisha mahali ambapo maarifa huandikwa na kulipwa.

Wairaqw nao walikuwa na chuo cha wasichana. Kiliitwa marmo, na Mjapani Shohei Wada aliyetafuta habari zake kwa bibi waliokipitia alizichapisha mwaka 1984. Wasichana waliwekwa utawani kwa muda mrefu, mbali na macho ya wanaume, wakafundishwa na wanawake wazima mambo ya uzazi, ya adabu, ya nyumba na ya siri za jinsia yao. Chuo hicho kilikwisha katika zama za ukoloni. Sitaki kukipamba kupita kiasi, kwa sababu si kila kilichotendwa katika jando na unyago za makabila yetu kilistahili kudumu, na mwili wa msichana haukuwa salama siku zote. Lakini palipofungwa marmo hapakufunguliwa chuo kingine cha wasichana chenye daraja sawa, na pengo hilo lilidumu vizazi kadhaa.

Wajerumani walijenga boma lao Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na wamisionari Wakatoliki wakaja karibu na wakati huo huo. Baadaye, chini ya Waingereza, Mapadri Wapalotini kutoka Ireland waliishika kazi ya kanisa na ya shule, na mwaka 1955 Walutheri wa Norway wakafungua hospitali Haydom, kwenye nchi iliyokuwa bado pori la mbung'o na wanyama. Jambo jema walilolifanya ni kumpokea msichana darasani, na baba wengi wa Kiiraqw waliosita walishawishika walipowaona masista wenyewe wakisoma na kuandika. Lakini shabaha ya shule hizo ilikuwa imegawanyika tangu mlangoni. Mvulana alisomeshwa ili awe karani, katekista, mwalimu au padri. Msichana alisomeshwa ili awe mke mwema wa karani huyo, mwenye kujua kushona, kupika na kutunza mtoto, na akipanda sana, mkunga, muuguzi au mwalimu wa madarasa ya chini. Uuguzi na ualimu ni kazi za heshima, na nchi hii ina deni kubwa kwa wanawake walioanza nazo. Hata hivyo ngazi yao ilikuwa na vidato vichache tu.

Juu ya ngazi hiyo mambo yalikuwa hivi. Chuo cha Makerere huko Uganda, ambacho kwa miaka mingi ndicho pekee kilichowapokea Watanganyika wa masomo ya juu, hakikumpokea mwanamke hadi mwaka 1945. Tena kaulimbiu yake ya kwanza iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, nayo ilibidi ibadilishwe wanawake walipoingia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilianza na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, na miongoni mwao alikuwapo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwanamke mmoja katika nchi nzima. Mbulu wakati ule ilijulikana kwa siasa zaidi kuliko kwa shule, kwani katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipopata viti 70 kati ya 71, kiti kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akashinda. Nalitaja hilo kwa kupita tu, ili msomaji ajue kwamba watu wa pande hizi hawana desturi ya kukubali jambo kwa sababu wengine wamelikubali.

Miaka ya 1970 ilileta kheri na taabu kwa pamoja. Serikali iliazimia kila mtoto apate elimu ya msingi, na katika vijiji vipya vya ujamaa wasichana walihesabiwa sawa na wavulana, jambo ambalo halikupata kutokea. Lakini Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza miaka 2 baada ya kidato cha 6, na nia yake ilikuwa njema, ili msomi asijitenge na mkulima. Ila walioliandika hawakumfikiria msichana, ambaye miaka 2 hiyo ndiyo miaka ya kuposwa. Idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu ikashuka, hata serikali yenyewe ikaona na kuwasamehe wasichana sharti hilo baada ya muda mfupi. Hapa pana funzo la kiutawala ambalo hadi leo halijashikwa sawasawa: sheria moja kwa wote, ikitungwa bila kutazama maisha ya mwanamke, humtoa mwanamke nje bila ya mtu yeyote kukusudia.

Huko Hanang miaka hiyo hiyo ilikuwa miaka ya ngano. Kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilichukua takriban ekari 100,000 za tambarare ya Basotu na pande zake, zilizokuwa malisho bora ya Wabarabaig, na wataalamu wa mbegu, wa udongo na wa mitambo wakajaa. Palikuwa na utafiti mwingi wa ngano, lakini kuhusu maziwa hapakuwa na wa kadiri hiyo. Ng'ombe walipokosa malisho ya masika, aliyeona kwanza kibuyu kimepungua ni mwanamke, kwa sababu ndiye akamuaye na ndiye agawaye. Makaburi ya wazee yalipopitiwa na matrekta, walioomboleza ni wake na waume sawia. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, wakapata ushindi katika Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Lau katika ule umati wa wataalamu wangalikuwapo wanawake wawili watatu wa Kibarabaig wenye shahada, sisemi kwamba shauri lingalikwenda njia nyingine, bali nasema swali la maziwa lingaliulizwa mapema, likaandikwa, likawekwa mezani pamoja na la ngano. Kwa hiyo kuwaajiri wanawake katika utafiti si hisani anayotendewa mwanamke. Utafiti usio na wao huacha nusu ya habari njiani.

Wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, wanawake walianza kujipanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu na wanafunzi waliunda kundi la utafiti na uhifadhi wa maandiko juu ya wanawake, na majina kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena yakajulikana nchini na nje. Verdiana Masanja alipata shahada ya uzamivu ya hisabati, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Penina Muhando Mlama, ambaye tamthilia zake za Kiswahili zilisomwa na watoto wa shule nchi nzima, alishika madaraka ya Afisa Mkuu wa Taaluma. Lakini mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wenzake, na msiba ule uliwafumbua macho wengi kwamba kumwingiza msichana chuoni si kazi iliyokwisha; hutakiwa pia awe na amani atembeapo, alalapo na akutanapo na mwalimu wake faraghani. Ukapatikana baadaye mpango wa kuwaandaa kabla ya kuanza masomo wasichana wa sayansi waliokaribia kufaulu, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ikataja wazi rushwa ya ngono kuwa ni jinai. Hizo ni hatua za kweli.

Sasa nataka kukaa kidogo na kitabu kimoja. Mwaka 2002 huko Köln, Ujerumani, ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, na jaladani yamo majina ya watu 3: Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling. Wawili ni wanaume wa Ulaya, mabingwa wa lugha za Kikushi. Jina la kati ni la mwanamke wa Kiiraqw, mhadhiri, na baadaye profesa, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiifungua kamusi hiyo utaona herufi ambazo koo la mtu wa pwani huzikataa: *hh* itokayo chini kabisa kooni, *q* igongwayo nyuma ya kaakaa, *sl* na *tl* ambazo pumzi yake hupita pembeni mwa ulimi. Mgeni aweza kuzijua sauti hizo kwa kujifunza miaka mingi, lakini Martha Qorro alizinyonya pamoja na maziwa ya mama, na maana za maneno ya jikoni, ya zizini na ya utotoni, zile ambazo mgeni haambiwi kwa sababu hapana anayefikiri kwamba hazijui, zilikuwa zake. Katika mamia ya miaka ya kuandikwa kwa habari za Afrika, ni mara ngapi mwanamke wa mlimani ametajwa jaladani kama mwandishi, si katika dibaji kama mtu wa kushukuriwa?

Tena bibi huyo hakuishia hapo. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti ameielekeza kwenye lugha ya kufundishia, na pamoja na Birgit Brock-Utne wa Norway na Zubeida Desai wa Afrika Kusini alisimamia mradi uliotazama hali ya lugha mashuleni Tanzania na Afrika Kusini, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2003. Amesema na kuandika, bila kuchoka, kwamba mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa kwa Kiingereza asichokielewa hafundishwi Kiingereza wala somo lenyewe. Hebu lipime hilo kwa binti wa Basotu au wa Yaeda Chini. Nyumbani husema Kidatooga. Darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, akahangaika nacho hata akakipata. Na siku akipatapo, akivuka kwenda kidato cha kwanza, hubadilishiwa tena, akaambiwa ajibu fizikia na historia kwa lugha ya tatu ambayo mwalimu wake mwenyewe aghalabu huikwepa. Mvulana naye hupata taabu hiyo, lakini mvulana huachiwa jioni ya kusoma, ilhali msichana jioni yake ni ya maji, kuni, mtoto na jiwe la kusagia.

Basi mlango wa leo uko hivi. Anayetaka kuajiriwa mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu cha umma anatakiwa awe na wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na kwa uhadhiri msaidizi 4.0 katika uzamili. Kiwango hicho sikipingi. Mwalimu wa chuo sharti awe hodari. Ninachokitaka ni watu watazame walikopungulia wasichana kabla ya kufika kwenye hesabu hiyo. Wako waliopungua darasa la 7 kwa sababu ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza mwaka 2016 kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Wako waliopungua kidato cha 2 kwa sababu aliyepata mimba alifukuzwa na mlango ukafungwa nyuma yake, hata Novemba 2021 serikali ilipotangaza, kwa kinywa cha Profesa Joyce Ndalichako aliyekuwa Waziri wa Elimu, kwamba ataruhusiwa kurudi. Na wako waliopungua kwa sababu ya umbali, maana nchi ya wafugaji ni pana, nyumba zimetawanyika, na msichana asiye na bweni hutembea alfajiri na magharibi katika njia isiyo na mtu.

Aliyevuka yote hayo akaajiriwa, hukutana na kalenda ambayo haikutungwa kwa ajili yake. Uzamili na uzamivu huangukia kati ya miaka 24 na 35, ambayo ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Sheria ya kazi humpa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa pacha, na hilo ni jema. Lakini makala za kitaalamu zinazohesabiwa ili apandishwe cheo hazihesabu siku hizo, na masomo ya ng'ambo hayaulizi mtoto atakaa na nani. Mwenzake wa kiume aliyeajiriwa siku moja naye huitwa mhadhiri mwandamizi wakati yeye bado ni mhadhiri msaidizi, kisha watu hustaajabu kwa nini kamati za kuajiri zimejaa wanaume. Lugha yetu ya Kiswahili ina insafu kuliko taratibu zetu: neno mhadhiri halina jinsia, wala profesa, wala mtafiti.

Na utafiti uko, tena uko pale pale mlimani. Haydom, ile hospitali iliyoanzia porini, imekuwa kituo cha utafiti kinachojulikana duniani. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa mojawapo ya vituo 8, katika nchi 8 za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, vilivyofuata watoto tangu kuzaliwa hadi miezi 24 ili kujua uhusiano wa maradhi ya tumbo, lishe na ukuaji. Mtoto mmoja alitembelewa nyumbani mara 2 kila juma. Kazi ya namna hiyo haiendi bila mtu anayejua kupiga hodi kwa Kiiraqw na kwa Kidatooga, anayejua mama yupi anaona haya kusema kwamba mwanawe anaharisha, na anayeaminiwa akishika mkono wa mtoto mchanga. Maarifa hayo ni sehemu ya sayansi kama ilivyo mizani na darubini. Na tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vitongoji vyake, watu zaidi ya 80 wakafa, nchi nzima ilijua kwamba mlima ule wahitaji wachunguzi wake wa kudumu. Nao wapo tayari wanaouamkia kila siku, wajuao jina la kila korongo lake.

Kwa hiyo natoa ombi, nalo ni dogo kwa kadiri ya mambo yaliyokwisha kupita. Kila mradi wa utafiti utakaopata kibali cha kufanya kazi Mbulu au Hanang, uwe wa lugha, wa afya, wa ardhi, wa Wahadzabe au wa mlima, uwekewe sharti la kumsomesha angalau binti mmoja wa mahali hapo hadi uzamili, kwa mkataba ulioandikwa na fedha zilizotengwa, na jina lake liwemo jaladani. Vyuo vyetu, hususan kile cha Nelson Mandela kilichopo Arusha, ambacho kwa mwendo wa gari hakiko mbali, vitume walimu wao wa kike Dongobesh, Haydom, Nangwa na Katesh wakazungumze na wasichana wa kidato cha 3 na cha 4 na mama zao, kwa lugha wanayoielewa, na wawaoneshe kwa macho yao kwamba kazi hii hufanywa na mwanamke. Kamati za kupandisha vyeo ziondoe katika hesabu miaka ya kunyonyesha. Na mabweni yajengwe kabla ya maabara.

Nawe baba wa Gendabi, wa Basotu, wa Kainam au wa Daudi, usomaye haya na binti yako akiwa darasa la 7: mwaka huu akifaulu, mpeleke.